Kuvua Chewa na Changu kwa Mshipi katika Maji ya Dar es Salaam: Siku, Chombo na Vifaa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuvua chewa na changu kwa mshipi, akiwa ndani ya chombo kidogo, katika maji yaliyo kati ya Mbweni upande wa kaskazini na Kimbiji upande wa kusini. Samaki hawa wawili wanafaa kufundishiwa pamoja kwa sababu wanaishi jirani na wana tabia tofauti. Chewa ni mwindaji wa kuvizia, hukaa mdomoni mwa pango au chini ya ukingo wa mwamba na kungoja chakula kipite. Changu hutembea kwa makundi juu ya mchanga na kokoto pembezoni mwa miamba hiyohiyo, akitafuta kaa, konokono na samaki wadogo. Anayejua kuwafikia wawili hawa atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya uvuvi wa miamba katika pwani yetu.

Mpangilio wa hatua ni wa makusudi. Siku huchaguliwa kwanza, kisha mahali, kisha chombo, na vifaa huja nyuma, kwa kuwa ndoana nzuri katika siku mbaya haimsaidii mvuvi chochote na mara nyingine humtia hatarini. Wanaoanza wengi hufanya kinyume: hutumia fedha zote dukani, kisha hutoka siku yoyote wanayopata nafasi kazini.

Hatua ya kwanza: msimu na upepo

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, ikiwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Kati ya pepo hizo huwapo majuma ya maleleji, ambapo upepo hugeukageuka na hauna nguvu, na hayo ndiyo majuma ya mwanafunzi wa bahari. Ningemshauri anayeanza atoke kwa mara ya kwanza mwezi Novemba, au kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi kabla masika hayajashika. Wakati wa masika, Mto Msimbazi unaoingia baharini karibu na Daraja la Selander, na Mto Mpiji ulio upande wa Mbweni, humwaga tope jingi, na maji ya karibu na midomo ya mito hiyo hubaki mekundu kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Chewa huwinda kwa macho, hivyo katika maji ya namna hiyo ni afadhali kusogea kwenye miamba iliyo mbali na mito, au kuahirisha safari.

Wavuvi wa riziki hutoka hata Kusi inapovuma, kwa kuwa jiko halingoji upepo, na demani, yaani mwisho wa Kusi, inapoingia kuanzia mwishoni mwa Agosti huwapo asubuhi nyingi za utulivu. Hata hivyo, uzoefu wao wa kusoma wimbi ni wa miaka mingi, na mtu wa kujifunza hapaswi kuwafuata nyuma kwa kuwa tu ameona matanga yao yakitoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za baharini, na tahadhari zake za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 zinapotolewa kwa mikoa ya pwani, safari ya chombo kidogo imekwisha hapo. Utabiri usomwe jioni na urudiwe kusomwa alfajiri.

Ndani ya siku moja pia upepo una ratiba yake. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu polepole, bahari ikiwa imelala. Kuanzia katikati ya asubuhi upepo wa baharini huanza kuingia, na kufikia alasiri mawimbi huwa yamepanda. Kwa sababu hiyo, safari nzuri ya chombo kidogo ni ile inayoanza kabla ya jua na kumalizika mapema mchana.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kwa wageni wa bahari. Nje ya miamba kuna mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima kando ya pwani ya Tanzania, nao huongezeka kasi wakati wa Kusi na kupungua wakati wa Kaskazi. Mashine ikizima huko nje mwezi Julai, mkondo na upepo vitasukuma chombo upande mmoja. Kwa hiyo anayetoka na mashine moja tu, wakati wa Kusi, avue upande wa kusini wa pwani aliyotokea, ili hitilafu ikitokea bahari imrudishe karibu na kwao badala ya kumpeleka mbali.

Hatua ya pili: mwezi na maji

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua samaki ale au asile, na ndiyo yanayoamua kama chombo kitatoka na kurudi.

Maji ya Dar es Salaam hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika hamsini hivi, na ndiyo maana saa za kujaa husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita moja. Anayefuata mwezi mwandamo ana kalenda ya bahari mkononi: siku chache baada ya tarehe mosi na baada ya tarehe 15 ni bamvua, na siku chache baada ya tarehe 7 na baada ya tarehe 22 ni maji mafu. Katika pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maji mafu huwa kinyume chake: hujaa karibu na saa nne na hupwa karibu na saa kumi. Saa kamili zisomwe katika jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, lakini kanuni hii inamtosha mtu kupanga juma lake.

Maji hayashuki kwa kasi moja. Yagawe mabadiliko yote katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza hupungua sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano sehemu mbili, na ya sita sehemu moja. Tuchukue siku ya bamvua ambapo maji yamejaa saa kumi na nusu alfajiri, na yatapwa kabisa saa nne na nusu asubuhi, tofauti ikiwa mita 3. Saa ya kwanza yatashuka robo mita, ya pili nusu mita, ya tatu na ya nne robo tatu ya mita kila moja, kisha nusu mita, kisha robo mita. Maana yake ni kwamba kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi mkondo utakuwa mkali kuliko wakati wote, chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, halitakaa chini, na mshipi utalala badala ya kusimama. Kuanzia saa tatu hivi mkondo unalegea, changu wanaanza kudona, na saa moja kabla ya maji kusimama pamoja na saa moja baada yake ndizo za kuvua chewa. Mvuvi wa siku hiyo hana sababu ya kuharakia mwambani alfajiri kwa tamaa ya samaki. Anatoka alfajiri kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo ni ufuo. Kunduchi, Msasani na sehemu kubwa ya Kigamboni zina tambarare ndefu za mchanga na nyasi za baharini ambazo hukauka bamvua linapopwa. Asiyetoka maji yakiwa mengi atalazimika kusukuma chombo kwenye tope, na anayetaka kurudi saa nne na nusu atasimama nje akingoja. Katika mfano wetu, chombo kitoke kabla ya saa kumi na mbili, na kirudi si mapema kuliko saa saba na nusu mchana, maji yakiwa yamejaa nusu.

Siku za maji mafu zina faida kubwa kwa anayejifunza: mkondo ni mdogo, chubwi jepesi linatosha, mtu anaweza kuvua asubuhi nzima, na kutoka na kurudi hakumsumbui. Maji yaliyolala kabisa, hata hivyo, huwafanya samaki wawe wazito kula. Kwa maoni yangu siku bora ni zile mbili au tatu zinazofuata maji mafu, bahari inapoanza kuwa hai bila kuwa na fujo.

Kuhusu lango la bandari, kuna onyo moja. Maji yanapopwa kwa nguvu kutoka ndani na kukutana na upepo unaoingia kutoka baharini, mawimbi husimama wima na kuwa mafupi, na chombo kidogo hupigwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Pita hapo maji yakiwa yamesimama au yakiwa yanaingia.

Hatua ya tatu: mahali, na mahali usipovua

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na upande wa Kigamboni visiwa vya Sinda, Makatube na Kendwa vimo katika mfumo huohuo. Kuvua ndani ya mipaka yake hakuruhusiwi, hata kwa mshipi mmoja, na hata kama wengine wanaonekana wakifanya hivyo. Mimi naliunga mkono katazo hili kwa moyo wote. Miamba yetu iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, na samaki wanaokulia salama ndani ya maeneo haya hutoka nje ya mipaka wakiongezeka, ambako mvuvi anawapata kwa halali. Kabla ya kutoka, nenda kwa kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho ufukweni kila mtu hukiita BMU, uwasalimu wazee kwa heshima, ujitambulishe na uombe kuonyeshwa mipaka. Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003, inadai leseni, na ofisi ya uvuvi ya manispaa yako ndiyo itakayokueleza ni leseni ipi inakuhusu.

Mahali pa kutafuta ni ukingo: pale ambapo mwamba unakutana na mchanga, katika kina cha kati ya mita 10 na 30. Katikati ya mwamba mshipi hukwama kila mara, na katikati ya mchanga mtupu hakuna chewa. Mwenye kipima kina cha umeme atauona ukingo huo kwenye kioo. Asiye nacho afanye kama mabaharia wanavyofanya, yaani ashushe chubwi na kusikiliza kwa vidole: juu ya jiwe hugonga kavu, na juu ya mchanga hutua kimya. Ukishapapata, pashike kwa alama za nchi kavu. Chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja mbele na kingine nyuma, kwa mfano mnazi wa ufukweni na jengo refu nyuma yake, kisha chagua jozi nyingine upande tofauti. Mahali mistari miwili inapokatana ndipo mwamba wako ulipo. Kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji huwafaa sana wanaovua upande wa Kunduchi.

Usitie nanga katika njia ya meli zinazoingia bandarini wala katika njia ya boti ziendazo Zanzibar.

Hatua ya nne: chombo

Ngalawa ni chombo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mirengu na matengo yake, yaani miti iliyokingama na mbao za ubavuni zinazoelea, huizuia kupinduka, hailali ubavu mtu anapoinama kuvuta samaki, na haihitaji petroli. Udhaifu wake ni kwamba inategemea upepo, na upepo ukikataa kurudi inakuwa kazi ya makafi. Mtumbwi mtupu usio na matengo ubaki ndani ya ghuba. Boti ya faiba yenye mashine ya nje ndiyo inayompa mtu uhuru wa kuchagua mwamba, lakini inadai nidhamu ya mafuta: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa. Anayeanza hana haja ya kununua chombo. Akodi pamoja na nahodha wa ufukwe ule, walipane kwa makubaliano yaliyo wazi kabla ya kutoka, na akiwa baharini amtii. Nahodha akisema turudi, hakuna mjadala.

Vitu vya lazima ndani ya chombo ni jaketi la kuokolea kwa kila mtu, tena livaliwe, si kukaliwa. Makafi mawili hata kama mashine ni mpya. Ndoo au upo wa kukumbia maji. Nanga yenye kamba isiyopungua mara tatu ya kina. Tochi, filimbi na maji ya kunywa. Na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Mwenye redio ya baharini asikilize chaneli ya 16. Mtu mmoja wa nchi kavu aambiwe mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, na ajue amwite nani msipoonekana.

Hatua ya tano: mshipi, ndoana na chubwi

Kwa changu, uzi wa nailoni wa unene wa milimita 0.60, ambao hubeba takriban kilo 18, unatosha. Kwa chewa tumia wa milimita 0.80 hadi 0.90. Uzi mnene una faida nyingine ya wazi: haukati mkono. Usiusokote kwenye kiganja hata kidogo, kwa kuwa samaki mkubwa akikimbia utakosa nafasi ya kuufungua. Wavuvi wengi hukata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvivaa kwenye kidole cha shahada na cha kati, pale uzi unapopita, nami naviona bora kuliko glavu, kwa sababu ncha za vidole hubaki wazi kusikia samaki anavyodona.

Ndoana huhesabiwa kwa namna inayowachanganya wapya. Kuanzia namba kubwa kushuka hadi 1, ndoana inakua. Baada ya hapo huandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo namba inapopanda ndoana inakua pia. Kwa changu chukua kati ya namba 2 na 2/0, na kwa chewa kati ya 5/0 na 8/0. Ipo ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani. Naipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu humshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa tumboni, na samaki mdogo anaweza kurudishwa akiwa mzima. Sharti lake ni moja: usipige mshipi kwa kuushtua. Mwache samaki auvute hadi uzito uwe wa moja kwa moja, kisha vuta bila kusita.

Fungo lenyewe lifanywe hivi. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoana, na uvute kiasi cha kiganja kimoja. Izungushe ncha hiyo kwenye uzi mkuu mara tano au sita, kisha irudishe na kuipitisha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu, halafu uipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, kwa sababu nailoni kavu ikikazwa huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu bila kuonekana. Vuta polepole hadi mizunguko ilale kwa mpangilio, ukate ncha ukibakiza milimita chache, kisha ivute ndoana kwa nguvu ukiwa umeishika kwa koleo. Fungo likiteleza, lifungwe upya hapohapo.

Mpango wa ncha ya mshipi ni rahisi. Chubwi hukaa chini kabisa, na juu yake hutoka matawi mawili mafupi ya uzi, la kwanza kiasi cha sentimita 40 kutoka kwenye chubwi na la pili nusu mita juu ya la kwanza, kila moja na ndoana yake. Uzi unaoshika chubwi uwe mwembamba kuliko mwingine, ili mwamba ukilishika, likatike chubwi peke yake na samaki abaki. Gramu 100 hadi 150 zinatosha maji mafu, na bamvua litadai 250 au zaidi. Kanuni ni kutumia chubwi jepesi kuliko yote linaloweza kukaa chini siku hiyo.

Anayependa fimbo na rili atapata raha ya kuvua kolekole alfajiri kwa chambo bandia, pale ndege wanapojitupa juu ya dagaa. Kwa chewa wa mwambani, hata hivyo, mkono mtupu na mshipi mnene havijapitwa.

Hatua ya sita: chambo

Ngisi ndiye chambo cha kwanza, kwa kuwa ngozi yake ni ngumu na haitoki kwenye ndoana upesi. Mkate kwa vipande virefu vya upana wa kidole, utoboe mara mbili upande mmoja, na uache mkia unaochezacheza. Kwa chewa, nusu ya kibua iliyokatwa kwa mshazari, au kibua mzima akipatikana akiwa hai, humvuta kuliko kitu kingine. Chambo kinunuliwe soko la samaki la Feri alfajiri au jioni iliyotangulia, na kikae kwenye barafu. Kumbuka pia kwamba wavuvi wa taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, hivyo dagaa na vibua huadimika sokoni siku hizo na bei hupanda. Anayetaka kuvua bamvua la mwezi mpevu anunue mapema na kugandisha.

Hatua ya saba: kutia nanga na kuvua

Usitupe nanga juu ya matumbawe. Mbali na kwamba inaweza kukwama isitoke, dakika chache za nanga huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Pita mwamba kuelekea mkondo unakotoka, tia nanga kwenye mchanga, kisha legeza kamba polepole hadi chombo kirudi nyuma na kusimama juu ya ukingo. Kamba ifungwe omo, yaani mbele, wala isifungwe tezi, yaani nyuma, kwa sababu chombo kilichofungwa nyuma huingiwa na mawimbi.

Shusha mshipi hadi chubwi liguse, kisha uupandishe kiasi cha mkono mmoja ili ndoana zikae juu kidogo ya jiwe. Shika uzi kati ya vidole na utulie. Changu hudona mara mbili au tatu kwa haraka kabla ya kukamata, na anayevuta kwenye donoo la kwanza humkosa. Chewa hana mbwembwe: uzi huwa mzito ghafla, kana kwamba umeshika jiwe, halafu jiwe linaanza kuondoka. Hapo mita mbili za kwanza ndizo zinazoamua kila kitu. Mvute mara moja, mkono kwa mkono, bila kumpa nafasi ya kugeuza kichwa, kwa sababu lengo lake ni kurudi pangoni, na akishaingia hutanua mapezi na mashavu na kujikaza humo. Ikiwa amekwisha kuingia, usishindane naye hadi uzi ukatike. Ulegeze kabisa, ungoje dakika kadhaa, na mara nyingi atatoka mwenyewe. Mshipi unapoanza kusogea tena, vuta.

Ikipita nusu saa bila donoo, sogea. Legeza kamba ya nanga mita 10, au hamia ukingo mwingine, kwa kuwa samaki wa mwambani hawasafiri mbali kumfuata mvuvi. Wakati wa kuhama, na wakati wa kwenda na kurudi, unaweza kurambaza, yaani kuburuza nyuma ya chombo mshipi wenye chuchunge au chambo bandia, ukitafuta nguru. Nguru ana meno makali, hivyo weka kipande cha waya kabla ya ndoana.

Hatua ya nane: samaki akiwa chomboni

Mtazame kwanza kabla ya kumshika. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na hongwe ana miiba mitatu inayoumiza vibaya. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kwa kuwa joto huvunja sumu hiyo na kupunguza maumivu. Chupa ya chai ya moto ina kazi mbili chomboni. Mkono ukivimba sana au pumzi ikibana, nenda hospitali. Bunju, yule anayejijaza na kuvimba kama mpira, arudishwe baharini, kwa sababu sumu yake inaua na haiondolewi kwa kupikwa.

Amua haraka yupi anabaki na yupi anarudi. Chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike na baadaye, wakishakua, baadhi yao hugeuka madume, na wengi hukua polepole. Mwamba unaopokonywa wadogo wote unakosa majike wa kesho, na unaopokonywa wakubwa wote unabaki bila madume. Nawasihi wavuvi wa mapumziko, ambao chakula chao cha jioni hakitegemei mshipi, warudishe wadogo na waridhike na wachache. Samaki aliyetolewa kina kirefu huweza kuwa amevimba, tumbo lake la chakula likichungulia mdomoni. Huyo hataweza kuzama mwenyewe, na ni afadhali kumchukua na kuacha kuvua hapo kuliko kuendelea kuvuta wengine na kuwatupa juu ya maji.

Anayebaki auawe mara moja, akatwe mshipa wa damu nyuma ya mashavu, na damu imwagike kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kisha alazwe kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, akiwa amefunikwa juu na chini. Kwa nguru na jodari jambo hili ni la afya: nyama yao ikikaa juani hutengeneza sumu inayowasha mwili na kusababisha maumivu ya kichwa, na sumu hiyo haitoki hata kwa kukaangwa.

Ukifika nyumbani, suuza ndoana, fimbo na mishipi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uvianike kivulini, na ukate mita ya mwisho ya uzi, ambayo imekwaruzwa na mwamba. Kisha andika katika daftari tarehe ya mwezi mwandamo, saa maji yaliposimama, upepo ulikotoka, kina, chambo, na saa ambayo samaki walianza na kuacha kula. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuonyesha ni saa zipi za maji ambazo mwamba wako hutoa, na ndipo utakapoanza kuchagua siku bila kumuuliza mtu.